Nani Anafungua Pipa?

Mtaani walimwita Baridi kwa sababu alitengeneza mafriji, na jina hilo halikumkera. Kilichomkera ni watu kumcheka Jumamosi walipomkuta kajifunga aproni, jasho linamchuruzika, anahangaika na moto. "Leo Baridi kageuka Joto!" walimtania wakipita, naye akawainulia koleo kama mtu anayefukuza mbwa.

Pipa lake la kuchomea nyama lilikaa nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani. Alilikata mwenyewe kutoka pipa la mafuta. Makaa yalikaa chini, wavu katikati, na juu kulikuwa na mfuniko mzito wenye mshikio wa mbao. Kidari cha ng'ombe kiliingia humo asubuhi na kutoka jioni kikiwa laini, kisu unakigusisha tu. Nyama ya namna hiyo inataka moto mdogo usiobadilika, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kushinda kutwa nzima kachuchumaa anapuliza makaa. Kwa hiyo Baridi alibuni kisanduku. Kipimajoto kiliingia pipani kwa waya, na feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu ilikaa kwenye tundu la hewa. Joto likishuka, feni inapuliza. Likipanda, feni inanyamaza. Vyote alivifunga ndani ya kopo la siagi, na mkewe, ambaye ni muuguzi, alisema kinafanana na kitu kilichotolewa tumboni mwa mgonjwa.

Kisanduku kilifanya kazi, ila hakikuwa na mdomo. Baridi akitaka kujua joto limefika wapi, alilazimika kuacha friji ya watu wazi karakanani kwake, mtaa wa pili, aje mbio nyumbani kusoma namba, arudi mbio. Akachoka. Akanunua saketi mpya inayoweza kuongea na intaneti, akaongeza kipimajoto cha pili cha kuchomekwa ndani ya nyama yenyewe, akatupa kopo la siagi na kuweka kisanduku cha chuma. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimshikia tochi wakati analehemu.

"Sasa hiki kitakuwa kinakupigia simu?" shemeji aliuliza.

"Hakipigi. Kinachora mstari kwenye simu. Joto likipanda, mstari unapanda. Likishuka, unashuka. Nitakuwa nimekaa karakanani naona kila kitu."

"Kila kitu?" Shemeji akacheka. "Basi tumekwisha."

Ulikuwa utani tu. Lakini baadaye Baridi aliukumbuka, akauzungusha kichwani mpaka haukufanana tena na utani.

Nyumbani walikuwa wanne. Baridi na mkewe. Shemeji, dereva wa lori ambaye kampuni yake ilifunga milango na sasa alilala sebuleni akisubiri kuitwa kazini mahali popote. Na baba mkwe, mzee aliyeoka mikate maisha yake yote, akastaafu, akafiwa na mkewe, akaja kuishi na binti yake. Mzee hakuwa mtu wa kukaa bure. Kazi aliyojichagulia ilikuwa kuchanganya viungo vya kidari kila Ijumaa jioni: chumvi, pilipili manga, mdalasini, karafuu, vitunguu saumu vilivyokaushwa. Hakutumia kijiko. Alichota kwa vidole, akanusa, akaongeza, akanusa tena. Wateja waliokuja Jumamosi jioni na mabakuli yao walikuwa wanafuata mkono wake zaidi ya pipa la mkwewe, na Baridi alilijua hilo bila kulitamka.

Jumamosi ya kwanza baada ya kukiboresha kisanduku, Baridi alikaa karakanani simu imeegemezwa kwenye kopo la skrubu. Mstari ulitulia kama maji ya kwenye ndoo. Alikuwa anafungua kompresa, mara moja moja anatupa jicho, anatabasamu peke yake. Kabla ya mchana, mstari ukaporomoka. Haukuteremka pole pole kama makaa yanapoisha. Ulianguka kama mtu aliyekosa ngazi. Muda si muda ukapanda tena, ukapita hata pale ulipopaswa kukaa, kisha ukarudi mahali pake.

"Waya," Baridi alijisemea. "Waya umelegea."

Jumapili akafungua kisanduku chote. Akavuta kila waya, akarudia kulehemu kila kiungo. Akatumbukiza vipimajoto kwenye maji yanayochemka, kisha kwenye barafu, ambayo kwake haikukosekana. Vyote vilisema kweli. Mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai, anamtazama.

"Mtu akifanya upasuaji namna hiyo kazini kwetu tunamkamata," alisema.

"Kuna kitu kinanidanganya."

"Labda hakikudanganyi."

Jumamosi iliyofuata mstari ukaanguka tena. Safari hii Baridi hakuuita waya. Fundi wa friji anajua joto linavyofanya mlango ukifunguliwa. Ameliona maisha yake yote, upande wa pili tu. Hewa ya nje inaingia ghafla, namba zinaruka, feni inachanganyikiwa na kupuliza kwa nguvu zote. Mlango ukifungwa, moto uliopulizwa bure unawaka kupita kiasi. Ndivyo mstari ulivyochora. Mtu alikuwa anafungua pipa.

Akaingiwa na wasiwasi wa kijinga, kisha wasiwasi ukaacha kuwa wa kijinga. Jioni alikigeuzageuza kidari kama askari anayekagua gari. Hakuna palipokatwa. Hakuna alama ya kisu wala ya jino. Angekuta kipande kimenyofolewa angecheka na kusema shemeji ana njaa, mambo yakaisha. Lakini nani anafunua pipa la nyama na kuondoka mikono mitupu?

Jibu lilimjia kupitia kwa mama mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, mteja wa tangu mwanzo. Alirudisha bakuli akiwa hana furaha.

"Jirani, sikufichi. Nyama yako siku hizi ina kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu. Inawasha ulimi, halafu inakuwa chungu kwa nyuma, kama dawa. Mume wangu kaacha nusu. Mmebadilisha nini?"

"Hatujabadilisha chochote."

"Basi angalia vizuri," alisema yule mama, akavuka barabara bila kuagiza ya wiki ijayo.

Baridi alibaki amesimama na bakuli mkononi. Pipa linafunguliwa, nyama haipungui, na ladha inabadilika. Akayaweka mambo hayo matatu pamoja. Kama hakuna kinachotoka, basi kuna kinachoingia.

Kuanzia hapo hakumwangalia shemeji kama zamani. Alihesabu maneno yake mezani. Shemeji akicheka na simu, Baridi alitega sikio. Shemeji akisema amekula nyama ya kutosha, hataki zaidi, Baridi alijiuliza kwa nini hataki. Alimfikiria yule bwana aliyefungua banda la nyama karibu na kituo cha mafuta, anayenyemelea wateja wake. Shemeji hupita pale kila siku akitafuta kazi. Je, kama ameshaipata?

"Umemnunia nini mdogo wangu?" mkewe alimuuliza chumbani.

"Sijanuna."

"Umenuna mpaka mito inajua."

Hakumwambia. Badala yake alichukua swichi ya mlango wa friji, ile inayozima taa ndani ukifunga, akaificha chini ya ukingo wa mfuniko na kuiunganisha na kisanduku. Alifanya hivyo wakati wote wametoka, na safari hii hakuita mtu wa kumshikia tochi. Sasa pipa likifunguliwa, simu ingeandika wazi: mfuniko umefunguliwa. Pia aliielekeza feni izime mfuniko ukiwa juu, moto usipandishwe bure. Kama kazi ya ufundi, ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Lakini hakuifurahia hata kidogo.

Jumamosi simu ikatetemeka juu ya meza ya karakana. Mfuniko umefunguliwa. Akampigia mkewe kazini.

"Nani yuko nyumbani?"

"Baba, na mdogo wangu. Kwani kuna nini? Nipo na wagonjwa."

"Hakuna kitu," alisema, akakata, akashusha mlango wa karakana bila kumaliza kazi ya mtu.

Alimkuta shemeji uani anakung'uta majivu ya jiko la chai kwenye ndoo. Shati lake lilinuka moshi. Baridi hakutaka kuona zaidi ya hapo. Akajizuia mpaka chakula cha mchana, mkewe aliporudi kutoka zamu, wote wanne wakakaa mezani, ndipo akaweka simu katikati ya sahani.

"Shemeji, unafungua pipa langu?"

"Pipa lako nalifungulia nini?"

"Nakuuliza wewe. Simu haina chuki na mtu. Mfuniko umefunguliwa leo, umefunguliwa Jumamosi iliyopita, umefunguliwa kila wiki."

Shemeji alitua kijiko. "Nyama imepungua?"

"Haijapungua."

"Sasa nimekula nini, moshi?"

Mkewe alitaka kucheka, akaona uso wa mumewe, akaacha. Mzee alikuwa anakata mkate vipande vidogo vidogo, hainui macho.

"Sijasema umekula," Baridi alisema. "Nataka kujua unaweka nini humo."

Shemeji alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake aseme alikuwa anatania. Hakuona dalili ya utani.

"Naweka nini," alirudia taratibu. "Kwenye chakula cha watu. Chakula anachokula dada yangu na baba yangu."

"Sikusema..."

"Umesema." Akasimama. Akamgeukia mzee. "Baba, umesikia ninavyoambiwa?"

Mzee alitikisa kichwa kidogo, lakini mdomo wake haukufunguka. Akaendelea kukata mkate uleule, na Baridi alidhani ni hasira.

Shemeji alikunja godoro lake la sebuleni, akaliegemeza ukutani, akachukua begi. Alikwenda kukaa kwa rafiki yake mwenye sehemu ya kuziba pancha, chumba cha uani. Dada yake alimsindikiza mpaka getini, akarudi macho mekundu, na tangu siku hiyo alizungumza na mumewe kwa maneno ya lazima tu: chumvi ipo, maji yamekatika, funga mlango.

Baridi aliumia, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kigumu kilichomwambia ngoja, Jumamosi itakuja na mstari utatulia, hapo wataona wenyewe.

Jumamosi ikaja. Mkewe alikuwa zamu. Shemeji hakuwepo kabisa. Baridi alikaa karakanani, mikono mitupu, hajagusa hata bisibisi, macho yamegandishwa kwenye simu. Mstari ukatulia, ukaendelea kutulia. Akaanza kupumua.

Mfuniko umefunguliwa.

Aliisoma mara mbili. Alikimbia. Hakupita mlango wa mbele; alizunguka kwa jirani, akaingia kwa mlango mdogo wa uani, akasimama nyuma ya shuka lililokuwa linakauka kwenye kamba. Kupitia pembeni ya shuka akamwona baba mkwe wake.

Mzee alikuwa ameinua mfuniko kwa mkono mmoja, ameinama, uso wote ndani ya moshi. Macho kayafumba. Midomo ilikuwa inacheza, kama anayesema maneno fulani chini chini. Mambo ambayo mtu hayasemi mchana kweupe yalimpita Baridi kichwani yote, kuhusu wazee, na maneno yanayosemewa chakula, na nyumba alimolala miaka yote bila wasiwasi.

"Baba! Unafanya nini?"

Mzee alishtuka. Mfuniko ulimponyoka, ukaanguka kwa kishindo, na ukingo wa moto ukamgusa kiganja. Hakupiga kelele. Alikumbatia mkono wake kifuani na kumtazama mkwewe kwa macho yaliyojaa machozi ya moshi.

Baridi alimshika begani, akampeleka bombani, akaufungulia maji mkono ule. Walisimama hivyo kwa muda mrefu, maji yakimwagika miguuni mwao.

"Nilikuwa navitaja," mzee alisema mwishowe.

"Unataja nini?"

"Viungo. Mdalasini. Karafuu. Navitaja kimoja kimoja, labda pua itakumbuka."

Baridi hakuelewa. Mzee alifunga bomba kwa mkono mzima.

"Sisikii harufu, mwanangu. Tangu ile homa iliyonilaza. Si ya mkate, si ya sabuni, hata maziwa yakiungua sijui. Nakula kwa kukumbuka tu. Ijumaa nachanganya viungo vyenu kwa kubahatisha, naogopa kimoja kisije kikapungua, naongeza. Kwa hiyo kila uani pakiwa patupu nakuja hapa, nafungua, nasema labda leo. Moshi wa nyama una nguvu. Nikasema kama kuna harufu itakayorudi, itaanza na hii."

Ladha chungu ya kwa nyuma. Karafuu. Baridi aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Na kwa nini hukutuambia? Binti yako ni muuguzi!"

"Ndiyo maana. Angenizungusha hospitali moja hadi nyingine. Na viungo angechukua mtu mwingine. Ningebaki na kazi gani humu ndani? Kungoja chai?"

Hilo Baridi alilielewa. Lakini kulikuwa na lingine ambalo hakuweza kuliacha.

"Baba, nilimwambia mwanao anatia kitu kwenye chakula. Ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ukanyamaza."

Mzee alikiangalia kiganja chake, ngozi ilikuwa imeanza kuinuka. "Nilisema moyoni, nitasema sasa hivi. Nikimaliza kipande hiki cha mkate nitasema. Halafu akasimama akaniuliza, na ulimi ukawa mzito. Akatoka. Nikasema nitasema kesho. Kesho si rahisi kuliko leo. Inazidi kuwa ngumu."

Baridi alitaka kumkasirikia, akakosa mahali pa kusimama. Aliyetamka lile neno mezani hakuwa mzee.

Hawakusubiri mke arudi. Baridi alifunga jeraha kwa kitambaa safi, akaziba tundu la hewa la pipa moto ufe wenyewe, nyama ikaachwa hivyo hivyo, na wateja wakaambiwa leo hakuna. Walitembea pamoja, mzee mbele kidogo, mpaka pale panapozibwa pancha. Shemeji alikuwa amekaa kwenye tairi, amezamisha tyubu kwenye beseni la maji anatafuta panapovuja. Aliwaona, hakusimama.

Mzee hakuzunguka. Alisimama juani akasema yote, palepale mbele ya rafiki na mteja mmoja mwenye baiskeli, hata habari ya kile kipande cha mkate. Shemeji alisikiliza macho yamo ndani ya beseni. Mzee alipomaliza, alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaushika mkono wa baba yake uliofungwa, akaugeuza kuangalia.

"Unauma?"

"Kidogo."

"Utaniambia ukweli lini, mzee wewe?" alisema. Alimkalisha kwenye tairi lake. Kisha akamgeukia Baridi.

"Shemeji, nimekukosea," Baridi alisema. "Nilikukosea kabla hata ya ile meza. Nilikuwa nakuchunguza wiki nzima ndani ya nyumba, unanipa salamu nami nakuwinda. Nisamehe. Rudi nyumbani."

"Baba nimemsikia," shemeji alijibu. "Baba ni mgonjwa na ni mwoga, ni baba yangu. Wewe nimekusikia pia. Ila kurudi, bado. Sijui utaniangalia vipi siku chumvi ikizidi."

Baridi akamshika mzee mkono mzima, wakarudi nyumbani wawili.

Mke alipoelezwa jioni ile alilia, akamgombeza baba yake, akamkumbatia, akamgombeza tena. Akampeleka kwa daktari wa pua na koo, ambaye alisema huenda harufu ikarudi na huenda isirudi, na akampa mazoezi ya kunusa yaliyofanana kabisa na yale mzee aliyokuwa anajifanyia mwenyewe pipani, isipokuwa bila moto. Viungo sasa anachanganya mke, kwa kijiko, na mzee anakaa kiti cha pembeni anaamuru, anabisha, anadai karafuu ni kidogo mno. Mama mwenye duka la dawa amerudi kuagiza. Mumewe bado anaonja kwanza kipande kidogo, kwa uangalifu.

Shemeji alipata lori la kuendesha. Hakuwahi kurudi kulala sebuleni. Lakini huja, zaidi Jumamosi, kumtazama baba yake. Siku moja alimkuta Baridi peke yake uani na mteja anabisha hodi mbele.

"Shemeji, niangalizie nyama kidogo," Baridi alimwambia. "Ukiona inahitaji kugeuzwa, igeuze."

"Nifungue mimi?"

"Fungua tu."

Shemeji alilitazama pipa, akamtazama yeye, akatia mikono mifukoni.

"Nenda kamsikilize mteja," alisema. "Mimi nitaliangalia nikiwa hapahapa. Ukirudi utafungua mwenyewe."

Baridi akaenda mbele. Aliporudi alimkuta amesimama palepale karibu na kamba ya nguo, mikono bado iko mifukoni.